Mtoto hatulii na nyumba ni ndogo: majibu ya barua zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zina neno moja, "hatulii". Nimefundisha chekechea miaka mingi na hilo neno nalisikia getini kila asubuhi, mama anakabidhi mtoto alafu ananivuta pembeni, mwalimu huyu muangalie, hatulii. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana wengi mmeuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume miaka miwili na miezi tisa, tunaishi Tabata nyumba ya kupanga, chumba na sebule, wapangaji tuko watano na uwanja ni mmoja alafu baba mwenye nyumba anapaki gari hapohapo na vijana wake wana bodaboda mbili kwahiyo kumwachia nje naogopa. Mtoto yaani akiamka ni kuruka tu, kochi limeshabonyea, anapanda dirishani anashika nondo anajirusha, juzi kapanda stendi ya tivii nimekuta ndo inataka kumuangukia. Jirani wa ukuta wa pili keshaniambia mara mbili mwanao anatupigia kelele. Mi natoka alfajiri narudi saa moja usiku, dada anaebaki nae ili aweze kupika anamwekea katuni, na hapo anatulia kabisa hata masaa manne. Nikirudi mimi ndo anaanza upya mpaka saa tano hajalala. Je mtoto ana tatizo? Na nimfanyie nini na nyumba yenyewe ndo hiyo?
Mama, Tabata

JIBU: Marahaba mama. Kabla hujamaliza kusoma, hiyo tivii leo usiku ishushe chini kabisa au mwite fundi aifunge ukutani, na droo za stendi zizibwe asizifanye ngazi. Tivii ikimuangukia mtoto wa umri huo inaua, kwahiyo usisubiri mwisho wa mwezi.

Sasa mtoto. Kwa hayo uliyoandika sioni tatizo kwake, naona mwili unaodai kazi na haujapewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5, na wa umri wa mwanao wanatakiwa wachangamshe mwili dakika 180 kwa siku, yaani masaa matatu. Akitimiza miaka mitatu ni hayohayo matatu, ila ndani yake lisaa lizima liwe la kuhema kabisa, kukimbia na kuruka. Na kioo, iwe tivii au simu, kisizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora zaidi. Usishtuke na masaa matatu, sio ya mfululizo. Kutembea kwenda dukani na dada inahesabiwa, kubeba nguo kupeleka kwenye beseni inahesabiwa, kucheza muziki jikoni inahesabiwa. Dakika kumi hapa, robo saa pale, jioni inafika.

Ukipiga hesabu ya siku yake utaona mwenyewe. Masaa manne katuni, saa mbili za kulala mchana, kula, kuoga, alafu mama anaingia mlangoni saa moja usiku na yeye ana kazi ya siku nzima bado iko miguuni. Lazima aifanye tu, na ataifanyia juu ya kochi.

Naomba nikwambie kitu ninachokiona darasani kinaniuma. Kuna watoto wanakuja na miaka minne au mitano, wanajua rangi zote, wanajua kuhesabu mpaka hamsini, lakini ukimkalisha kwenye kiti baada ya dakika tano kalala mezani, kichwa kakiegemeza kwenye mkono, penseli inateleza. Mzazi anasema mvivu. Mara nyingi sio uvivu, ni mgongo na tumbo vimechoka kumshikilia, na bega halina nguvu ya kuutuliza mkono uandike. Mkono wa kuandika unajengwa na kutambaa, kuning'inia, kubeba na kusukuma, mambo yaleyale tunayoyakataza ndani ya nyumba. Ndo maana nawaomba wazazi neno "tulia" tulipunguze, mahali pake tumwonyeshe mtoto pa kwenda kurukia.

Kwako pa kurukia ni godoro. Jioni ukifika lishushe chini, likalie ukutani upande ambao sio wa jirani, na ndo liwe sehemu pekee inayoruhusiwa kuruka. Kochi sio, kitanda sio, godoro ndio, kila siku jibu moja. Mwanzoni atarudi kochini mara kumi, mnyanyue bila kelele mpeleke kwenye godoro mara kumi. Umri wake ndo wa kujifunza kuruka miguu miwili kwa pamoja, wengine wanakuwa wameshaweza wengine bado, we ruka nae, mshike mikono yote miwili hesabuni moja mbili tatu. Akishaweza, mwache aruke kutoka kwenye stuli fupi kuangukia godoro. Muangalie anavyotua, akitua na magoti yamekunjika yuko vizuri, akitua amekakamaa kama mlingoti mwambie "tua kama paka" umwonyeshe.

Alafu chukua kitenge, kikunje kwa urefu mpaka kiwe ukanda wa upana wa kiganja, kitandaze sakafuni kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Mwambie ni daraja na chini kuna maji. Miguu peku tafadhali, sio soksi, kwenye tailizi soksi zinateleza. Siku ya kwanza utamuona anatembea pembeni ya kitenge kabisa na anasema ameshafika, mwache. Siku ya nne ya tano anaanza kukanyaga juu, mikono kaitanua, ulimi nje, na ukitazama vidole vya miguu utaviona vinang'ata kile kitenge kimoja kimoja. Hapo mguu na macho vimeanza kuelewana. Ikawa rahisi mpe kikombe cha plastiki chenye maji kidogo apite nacho bila kumwaga, na kukimwagika anachukua tambara anafuta mwenyewe, kuchuchumaa na kufuta nayo ni mazoezi ya mapaja.

Kreti la soda kama unalo, au boksi la mafuta ya kula, weka ndani yake chupa mbili za maji za lita moja na nusu alafu asukume kutoka sebuleni kwenda jikoni. Funga kamba avute. Mwanao hizo nguvu anazomalizia kwenye nondo za dirisha zitaenda huku, na nimeona kwa watoto wengi kazi nzito kama hii inawatuliza kuliko kukimbia, baada ya kusukuma na kubeba wanakaa wenyewe. Kwahiyo usimwonee huruma akitaka kubeba viazi viwili vitatu kwenye kikapu mkitoka gengeni, mpe.

Mpira wa ndani tengeneza kwa soksi. Sisi utotoni tulifunga mipira ya manailoni, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 malighafi imekwisha, ila soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kushonwa mdomo ni bora hata zaidi, haivunji kitu na haipigi kelele ukutani. Weka beseni hatua mbili, arushe ziingie soksi kumi. Ageuke nyuma arushe kati ya miguu. Apige teke soksi ipite kati ya miguu ya stuli. Kudaka usimdai bado, watoto wengi wanaanza kudaka mpira mkubwa vizuri karibu na miaka minne.

Kuhusu jirani, yeye nae ana haki yake, nenda umwambie umesikia na saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu jioni mtoto atakuwa anacheza, baada ya hapo kimya. Watu wengi wakijua saa ya mwisho wanavumilia. Na kuna michezo haina sauti kabisa. Kutembea kama kaa, mikono nyuma tumbo juu. Kutambaa kama nyoka chini ya meza iliyofunikwa khanga. Kunyata kama paka amwibie bibi samaki. Na ule wa mkokoteni, wewe unamshika mapaja yeye anatembea kwa mikono, kwa umri wake mshike juu kwenye mapaja sio kwenye vifundo vya miguu, kiuno kisining'inie.

Dada wa kazi naomba usimgombeze kwa zile katuni. Ana jiko, ana nguo, ana mtoto anaepanda madirisha, yuko peke yake, tivii ndo imemsaidia. Kaa nae Jumapili mcheze wote hiyo michezo mpaka aizoee na aifurahie, alafu mpangie nafasi mbili tu, nusu saa asubuhi kabla hajaanza kupika na nusu saa mtoto akiamka mchana. Wakati wa kupika mtoto awe na kazi karibu nae lakini mbali na jiko, kama kuhamisha vifuniko na vikombe vya plastiki kutoka beseni hili kwenda lile la mwisho wa chumba, kimoja kimoja, hiyo peke yake inakula robo saa. Ndoo za maji naomba nisisitize, ndoo ya maji isiachwe wazi anapocheza hata kama maji ni ya robo. Mtoto akitumbukia kichwa hawezi kujitoa na hasikiki.

Usiku cheza nae ukiingia tu, kabla ya kuoga na kula, hata kama umechoka, kaa chini uwe wewe ndo daraja apite juu ya miguu yako. Ukishamuogesha basi, taa zipungue, hadithi, kitanda. Kwa umri wake masaa 11 mpaka 14 ya kulala ukijumlisha na mchana ndo yanayotakiwa. Na Jumamosi moja moja mpeleke mchangani, Coco Beach au hata rundo la mchanga wa ujenzi la jirani ukiomba ruhusa, mtoto akikimbia kwenye mchanga robo saa miguu yake inafanya kazi kubwa kweli. Uwanja nao usiukatie tamaa, muulize baba mwenye nyumba gari linatoka saa ngapi na linarudi saa ngapi, katikati hapo uwanja ni wa watoto wa wapangaji wote watano, mkubaliane kuna mtu mzima mmoja anakaa nao.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni bibi, naishi Tanga na mwanangu wa mwisho na mjukuu wangu wa kike wa miezi saba. Mtoto namkalisha kwenye beseni nimemzungushia khanga anakaa vizuri, mama yake ananicheka ananiambia mambo ya kizamani anataka kununua woka ya matairi ili mtoto awahi kutembea. Watoto wangu sita wote walikaa kwenye beseni na wanatembea. Nani kakosea?
Bibi, Tanga

JIBU: Shikamoo bibi. Beseni lako lina heshima kubwa kuliko mama mtoto anavyodhani. Mwaka 1976 mtafiti mmoja Mmarekani, Charles Super, alichapisha alichokiona kwa Wakipsigis kule magharibi mwa Kenya. Kina mama walikuwa wanachimba kishimo kidogo wanamkalisha mtoto wanamzungushia blanketi, na wanamshika wanamfundisha kutembea kila siku kwa makusudi. Watoto wale walikaa na kutembea kama mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani, lakini kwenye kutambaa hawakuwa mbele, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kutambaa. Walichofundishwa ndo walichowahi. Beseni na khanga ni shimo lilelile limehamia mjini.

Ila bibi yangu naomba mambo mawili. Beseni liwe kavu, chini sakafuni, na akae muda mfupi muda mfupi, robo saa inatosha, alafu mtoe umlaze kifudifudi kwenye mkeka na uweke kikombe kinachong'aa mbele kidogo ya mkono wake. Pale kwenye mkeka ndo shingo na mabega vinapata nguvu na ndo atakapoanza kujisogeza. Mtoto ambae bado hajaanza kutambaa anatakiwa alale kifudifudi akiwa macho angalau nusu saa kwa siku, ukigawa vipande vipande. Kulala usingizi ni chali siku zote, kifudifudi ni kwa kucheza tu na mtu yupo. Na mbeleko, najua mgongo wa bibi ndo nyumbani kwake, sikukatazi, ila akiwa macho kila baada ya lisaa mshushe ajinyooshe.

Woka usikubali, hapo nasimama na wewe kabisa. Kanada walipiga marufuku kuuza woka za matairi mwaka 2004, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikitaka zipigwe marufuku kwao pia. Mtoto akiwa ndani yake anakwenda mbio kuliko mtu mzima anavyoweza kumfikia, anafika kwenye jiko la mkaa, anafika kwenye ngazi ya mlango anapinduka nayo. Na hata hiyo kazi ya kuwahisha kutembea haifanyi, kwa sababu mtoto anasukuma kwa ncha za vidole huku kitambaa kimembeba makalio, balansi hajifunzi kabisa. Hela hiyo mama mtoto anunue stuli mbili za plastiki nzito kidogo. Akifika wakati wa kujishika na kusimama, zipangeni karibu karibu na kochi, atatembea pembeni akishika hiki anaachia anashika kile.

Akija kuruka hatua ya kutambaa kwa magoti msiogope. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2006, uliochukua watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulikuta watoto kama 4 kati ya 100 hawakutambaa hivo kabisa na walikuwa wazima. Wengine huburuza makalio, wengine hujivuta kwa tumbo.

SWALI: Mwalimu nina binti wa miaka minne, anapanda mpera, anacheza mpira na kaka zake, anaruka ukuta mdogo wa bustani. Mimi naona sawa lakini nyumbani kwetu wananiambia nitamfanya jikedume na ataumia sehemu zake kwa kuruka. Mama yake nae ameanza kumfungia ndani. Nifanyeje?
Baba, Mwanza

JIBU: Baba, mfungulie binti. Misuli ya mtoto wa kike wa miaka minne haina tofauti na ya kaka yake, inataka vilevile dakika 180 kwa siku, na lile lisaa la kuhema ni lake pia. Kuruka na kupanda hakuharibu chochote katika mwili wake wa kike. Nimeona mabinti wengi wakiambiwa "kaa vizuri" tangu wana miaka mitatu, na kwenye kuruka kamba darasani wanasimama pembeni wameshika sketi, wanataka kuruka na wanaogopa. Inaniumiza kila mwaka. Mvalishe kaptura ndani ya gauni au suruali mchezo uende.

Cha kuzungumza na mama yake ni usalama, hapo hofu yake ina msingi. Sheria yangu ya miti ni moja, usimpandishe. Tawi analolifikia kwa mikono na miguu yake mwenyewe huwa anajua na kushuka, ukimnyanyua kumweka juu umempa urefu ambao mwili wake haujaupima. Kwa miaka minne tawi la mwisho lisipite bega lako, futa mawe na vigingi chini ya mpera, mwaga ndoo kadhaa za mchanga, na apande peku. Akikwama usimdake haraka, simama karibu umuongoze, "mguu wa kushoto shusha, tafuta tawi". Kaka zake nao wamwingize kwenye rede na kombolela, kukwepa mpira na kukimbia kwa kugeuka ghafla vinafundisha mwili vitu ambavyo mti haufundishi. Kusimama mguu mmoja na kuruka nao ndo ujuzi wa umri wake sasa, mchoreeni viboksi chini kwa mkaa muanze na vitatu.

SWALI: Mwalimu nisaidie nina mawazo sana, mtoto wangu ana miezi 17 hatembei, anasimama kwa kushika kiti na anatembea pembeni ya kitanda. Alizaliwa njiti wiki ya 32. Mtoto wa jirani mdogo kwake kwa miezi mitatu anakimbia. Kuna mtu kaniambia nimfanyie mazoezi ya nguvu nimvute miguu.
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, usimvute miguu, na huyo wa jirani muache na mbio zake. Wako aliwahi kuzaliwa kwa wiki 8, kwahiyo kwa mambo ya mwili mpunguzie miezi miwili, ni mtoto wa miezi 15. Katika ule utafiti wa 2006 niliomtajia bibi wa Tanga, watoto wazima waliozaliwa kwa wakati walianza kutembea peke yao popote kuanzia miezi 8 na kidogo hadi karibu miezi 18. Anaesimama akajishika na kwenda pembeni ya kitanda yuko njiani.

Hata hivyo mpeleke kliniki wiki hii na kadi yake, waambie wazi aliwahi wiki ngapi, kwa sababu watoto njiti wanahitaji kuangaliwa miili yao kwa ukaribu zaidi. Ukiona miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi ukimnyanyua, au mwili umelegea sana, au anatumia mkono mmoja tu na mguu mmoja anaburuza, au kitu alichokuwa anakiweza sasa hakiwezi, basi hapo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie fiziotherapia. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT nao wanahudumia watoto wenye shida za viungo. Kuwahi kunasaidia sana, mazoezi ya mtoto mdogo yanafanywa kwa kucheza, wala halii.

Wakati unasubiri, weka biskuti yake juu ya kochi sio mkononi mwake, asimame aifuate. Kiti cha plastiki kigeuze miguu juu asukume sakafuni, weka kilo mbili za unga ndani kisimkimbie. Mkimshika kutembea msimnyanyue mikono juu ya kichwa, mshikeni kiunoni, au kaa chini wewe na baba yake mkitazamana, hatua mbili katikati, asimame kwako aende kwake. Akianguka kwa makalio mwambie "hoop" uanze tena. Niandikie kliniki wamesemaje.